Jamani, smeei hajabadilishwa jina

Nimeiona tena, safari hii kwenye slaidi za mtu anayefundisha kabisa: "Trigonia smeei wa Tendaguru, siku hizi anaitwa Indotrigonia africana." Hapana bwana. (Smeei ni kombe wa kale wa baharini, tunamjua kwa magamba yaliyogeuka kisukuku; Tendaguru ni kule Lindi.) Hili nalisahihisha kila mara na kila mara linarudi, basi naliandika hapa, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Yamechanganywa mambo mawili. La jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana (neno la kwanza la jina), ni jepesi: Sowerby (James de Carle, yule mtoto, sio baba) alimpa jina huyu kombe mwaka 1840 kwa magamba ya Kutch, India, akamwita Trigonia smeei, maana enzi hizo Trigonia ilikuwa inapokea kila anayefanana-fanana. Mwaka 1933 mtaalamu wa visukuku Dietrich akaanzisha jenasi Indotrigonia. Kwa hiyo sasa tunaandika Indotrigonia smeei (J. de C. Sowerby, 1840), na hayo mabano tafadhali msiyafute!! Yanamaanisha spishi ilianzia jenasi nyingine, ukiyatoa unamsingizia Sowerby jenasi ambayo hakuwahi kuisikia. Rutitrigonia schwarzi (Müller, 1900), kombe mwingine wa Tendaguru aliyeanza kama Trigonia, naye hivyohivyo.

La pili ndio linanichosha. Wajerumani walipochimba Tendaguru, 1909 hadi 1913, sifa zote walichukua dinosaria, lakini matabaka ya mawe ya bahari yaliyo katikati ya yale ya dinosaria yalitambulishwa kwa makombe: tabaka la Trigonia smeei, na juu zaidi la Trigonia schwarzi. Gamba la Lindi lilifanana na la Kutch, likapewa jina la Kutch. Halafu ikaja africana, spishi iliyopewa jina na Aitken, 1961, yaani huyu wa kwetu ni spishi nyingine. Hapo hakuna jina lililobadilishwa, kilichosahihishwa ni utambuzi. Ukimwita mpangaji wako Hassan mwaka mzima kisha ukagundua ni Juma, Hassan wa nyumba ya pili anaendelea kuwa Hassan. Smeei yuko kwao Kutch, jina lake halali, halina doa.

Na sio ubishi wa bure. Mtu anasoma ripoti ya zamani, anaona smeei India na smeei Tanganyika, anaandika kwamba spishi moja ilienea pande zote mbili. Ukikubali africana, kinachobaki kuziunganisha ni jenasi, ushahidi mwepesi zaidi. Tabaka la smeei la Tendaguru lenyewe ni jiwe lilelile, ila tangu 2009 linaandikwa rasmi kwa jina la Indotrigonia africana, ndio maana ramani mpya na za zamani zinaonekana kama zinagombana.

Sasa niseme ambalo vitabu hulipitia haraka: mpaka kati ya hawa wawili haunipi raha. Mbavu za hawa makombe hubadilika kadiri wanavyokua, gamba likilika kidogo nusu ya alama zimepotea, na ukinimwagia mezani magamba machanga ya Kutch na ya Lindi bila lebo siahidi kuyagawa sawasawa. Africana naitumia, lakini sitaiapia.

Na akitokea mtu na vipimo vizuri akaonyesha ni spishi moja, jina la 1840 linashinda la 1961. Kisawe, yaani jina la ziada linaloachwa, atakuwa africana, na mwenye slaidi atakuwa amekosea kwa upande wa pili.