Je, wajua kwa nini tovuti mpya haionekani kwenye Google?

Fundi mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayechonga mikufu na visanduku vya malakiti, lile jiwe la kijani, alinijia akiwa na simu mkononi wiki tatu baada ya kufungua tovuti yake ya kwanza. Aliandika "malakiti Lubumbashi" mbele ya macho yangu, akayapitia majibu ya Google kwa kidole hadi mwisho, kisha akauliza: "Mdogo wangu, jina nimelipia, seva nimelipia, picha nimeweka. Mbona mimi simo?"

Jibu linaanzia mbali kidogo. Mtandao wa tovuti, ambao Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 katika kituo cha CERN karibu na Geneva, hauna daftari kuu ambamo kila ukurasa huandikishwa. Yeyote anaweza kuweka wake bila kuomba ruhusa, na kinachoziunganisha kurasa hizo ni viungo tu, yaani maneno au picha unazobonyeza zikakupeleka ukurasa mwingine. Unaponunua jina linaloishia na .cd, herufi za Kongo yetu, unapata anwani inayoielekeza simu ya mgeni kwenye seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, lakini hakuna anayeambiwa kilichomo ndani. Google nayo, mtu anapouliza, haizunguki intaneti nzima saa hiyo hiyo, bali hutazama katika faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazozijua, iliyokusanywa na roboti, programu iitwayo Googlebot, ambayo hutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kuvifuata viungo. Ukurasa usioelekezwa na kiungo chochote ni nyumba isiyo na njia.

Kwa hiyo kuitangaza tovuti ni kwanza kuikatia njia. Iliyo karibu zaidi ni Search Console, huduma ya bure ya Google, ambako unathibitisha kwamba tovuti ni yako na kukabidhi ramani yake, yaani faili inayoorodhesha kurasa zote; hata hapo roboti inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa kufika. Njia yenye uzito zaidi ni kiungo kinachotoka kwa wengine. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walijenga hesabu yao juu ya wazo kwamba kiungo ni ushahidi, na ushahidi wa anayeaminika na wengi una uzito kuliko wa asiyejulikana. Hoteli inayoweka kazi za fundi huyu ukumbini, au chama cha mafundi chenye tovuti, vinaweza kumsaidia sana kwa mstari mmoja tu. Yeye alikuwa ameituma anwani yake katika makundi yote ya WhatsApp ya ukoo na ya kanisa, na jamaa walikuja kutazama kweli, lakini roboti haiingii katika mazungumzo hayo.

Angalia pia kama mlango haukufungwa kwa ndani. WordPress, programu ambayo wengi hujengea tovuti, ina kisanduku kidogo katika mipangilio yake kinachoziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti katika faharasa. Wajenzi hukitia alama kazi ikiwa bado haijakamilika, halafu husahau kuiondoa.

Kisha yapo maneno, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi. Ukurasa wake wa mbele ulikuwa picha moja kubwa, mfano wa bango, ambayo maelezo yote yalichorwa ndani yake, na kichwa chake kilisema "Karibu". Jicho la mtu linasoma bango hilo bila shida, ila roboti hutegemea maandishi halisi, na hakuna mnunuzi anayetafuta neno "karibu". Tuliandika kichwa upya: "Mikufu na visanduku vya malakiti, Lubumbashi". Chini yake nilimwomba ajibu yale ambayo wateja humuuliza kila siku sokoni. Malakiti halisi inatambulikaje? Ni nzito, ni baridi mkononi, na mistari yake ya kijani hailingani kama ile ya plastiki. Inatunzwaje? Isioshwe kwa ndimu wala siki, kwa sababu ni jiwe lenye shaba ndani yake ambalo asidi hulila. Maelezo kama hayo, yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha wateja wa mbali, kila lugha na ukurasa wake, ndiyo matangazo bora ninayoyajua, maana anayeuliza swali hilo yuko karibu kununua.

Picha zenyewe tulizipunguza. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ina megabaiti kadhaa, na mgeni aliyenunua mega kidogo hataingoja ifunguke. Isitoshe, tangu ilipotangaza mpango huo mwaka 2016, Google imehamia kuipima tovuti kwa sura yake ya simu. Na asije mtu akakuuzia nafasi ya kwanza katika majibu ya kawaida: Google haiiuzi, na nafasi zinazolipiwa huwekewa alama ya tangazo.

Ukitaka kujua kama umefikiwa, andika "site:" na mara moja, bila kuacha nafasi, jina la tovuti yako. Fundi wangu alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kushika tupa, hadi siku ulipotokea mstari mmoja wenye kichwa alichokiandika mwenyewe.