Bima haijui kwamba mmetengana

Baada ya shikamoo na mbukwenyi, mama mmoja wa Kizota alifungua bahasha ya kaki na kunimwagia kila kitu mezani. Hati ya bima ilikuwa imekunjwa mara nne. Stakabadhi zilikuwa za miaka saba, na nyingi wino ulishafutika, zimebaki karatasi tupu.

"Mwanangu," akasema, "baba watoto aliondoka mwaka juzi, yuko Mwanza. Mwezi uliopita nimeacha kulipa. Tukishatengana, si na bima inakufa yenyewe?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi tangu niingie kwenye uwakala wa bima hapa Dodoma, na jibu ni lilelile: bima haifi kwa sababu ya ugomvi. Inakufa kwa kutolipiwa.

Bima ya maisha ya wanandoa ni mkataba mmoja uliobeba roho mbili. Kuna inayolipa anapofariki wa kwanza, na aliyebaki ndiye anayechukua mafao. Kuna nyingine inayosubiri hadi wote wawili waondoke, ndipo watoto walipwe. Ya huyu mama ilikuwa ya kifo cha kwanza. Kwa hiyo mzee akifariki Mwanza leo, mama analipwa, hata kama hawajasalimiana miaka miwili. Nikamweleza na upande wa pili: yeye akitangulia, fedha zote zinakwenda kwa yule bwana. Hapo akanyamaza kidogo. "Na watoto?" Watoto hawakuandikwa popote.

Wengi wanadhani talaka itasafisha mambo. Kwanza, talaka yenyewe haiji haraka. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida shauri linapita kwanza baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kufika mahakamani, na mliotengana kwa hiari, kutengana huko kunatajwa kama ushahidi wa ndoa kuvunjika kukishafika miaka 3. Muda wote huo ninyi ni mke na mume. Pili, hata hukumu ikitoka, hakuna karani wa mahakama anayepiga simu kampuni ya bima kufuta jina. Mnufaika aliyeandikwa kwenye fomu siku mnaanza anabaki yuleyule mpaka ninyi mbadilishe kwa maandishi. Na kwa kuwa wenye mkataba ni wawili, saini zinatakiwa mbili.

Mahakama nayo inagawa kile ilichoonyeshwa. Kifungu cha 114 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinaipa uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za wote wawili, iwe inatoa amri ya kutengana au ya talaka. Watu wanafika na hati ya kiwanja, kadi ya pikipiki, hata orodha ya mabati, halafu bima imelala kabatini. Omba kampuni ikuandikie barua inayoonyesha bima imefikia thamani gani leo, uipeleke pamoja na vingine. Na wewe ambaye makato yalitoka kwenye mshahara wa mwenzako, usijione huna chako: tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango.

"Basi tuivunje tugawane," mama akasema. Ndipo ninapokuwa mkali. Walikuwa wanalipa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa miaka saba ni 5,040,000. Ukivunja hurudishiwi hiyo. Sehemu imelipia kinga ya miaka yote ambayo hakuna aliyekufa, sehemu imekwenda kwenye gharama za kampuni, kinachobaki ndicho mnachogawana. Bima ya kinga tupu, isiyo na akiba, huwa hairudishi hata senti. Mimi huwashauri watu waulize kwanza kama mkataba unaruhusu kutenganishwa ziwe bima mbili. Ukiruhusu, kila mtu ashike yake. Usiporuhusu, kumbuka kwamba bima mpya itapangwa kwa umri wako wa sasa na presha yako ya sasa.

Neno moja kwa watumishi waliohamia huku na Serikali wakakopa pamoja kujenga: bima iliyo ndani ya mkopo ni kitu kingine. Ile inamlipa benki. Mkitengana, deni linabaki na bima yake inabaki nalo, kwa hiyo zungumzeni na benki.

Mkiona kampuni inawazungusha, andikeni malalamiko kwake kwanza. Wasiposikia, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA wenyewe, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini, makao yao makuu yako hapahapa Dodoma.

Mkataba wa mama ulitoa siku 30 za kusubiri ada iliyochelewa. Nikahesabu tarehe kwenye kalenda ya ukutani: zilibaki nane. Alilipa kwa simu palepale mezani, kisha tukampigia mzee, sauti ya nje. Alianza kwa kufoka kwamba anadaiwa nini tena. Nilipomwambia kwamba kwa karatasi zilivyo, yeye ndiye mrithi wa mkewe na mkewe ndiye wake, akacheka, cheko lisilo na furaha. "Weka watoto," akasema. Kwa kuwa wote wako chini ya miaka 18, ilibidi pia aandikwe mtu mzima wa kuwapokelea. Wakabishana dakika kumi, wakaangukia kwa shangazi yao wa Mpwapwa.

Fomu ilipanda basi la Mwanza siku ya Alhamisi, ikarudi Jumatatu imesainiwa. Kwenye nafasi ya makazi, mzee alikuwa ameandika Kizota.