Je, wajua kwa nini Vitz ya pistoni tatu hutetemeka ikisimama kwenye foleni?

Kaa ndani ya Toyota Vitz ya cc 990 kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, gia ikiwa D na mguu ukiwa kwenye breki. Tazama kioo cha katikati. Kinacheza. Usukani nao unatetemeka kidogo, na sarafu ulizoweka karibu na gia zinagongana. Taa ikiwaka kijani, ukakanyaga mafuta, hali hiyo yote inapotea kama vile haikuwapo.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba huo ni ugonjwa. Nilikuwa nimeendesha Vitz ya zamani, ile wauzaji wanayoiita old model, miaka minne bila kusikia mtetemo wa namna hiyo. Nikaiuza, nikanunua toleo lililofuata, lililokwisha kutumika Japani, na tangazo lake lilisema cc 990, sawasawa na lile la kwanza. Wiki ya kwanza tu nikaamua kwamba mauntini zimekufa, yaani zile raba zinazoshikilia injini kwenye bodi. Fundi wa mtaani akakubaliana nami. Tukafuata mauntini Gerezani, Kariakoo, tukabadilisha zote. Kesho yake asubuhi gari likatetemeka vilevile. Tukabadilisha plagi. Hakuna kilichopungua. Baadaye niliziokota zile raba za zamani, nikazikunja na kuzikagua kwenye mwanga: hazikuwa na ufa hata mmoja.

Kosa langu lilianzia kwenye ile namba 990. Nilidhani nalinganisha gari moja katika umri mbili, kumbe nalinganisha injini mbili tofauti kabisa. Vitz ya kwanza, iliyotoka 1999, ilikuwa na injini ya lita moja iitwayo 1SZ-FE: cc 997, silinda nne, yaani vyumba vinne ambamo pistoni hupanda na kushuka. Toleo la pili, la 2005, likapewa 1KR-FE kutoka Daihatsu, kampuni ya kundi la Toyota: cc 996, silinda tatu. Tofauti ya ukubwa ni cc moja, na nguvu zinakaribiana sana, kwa hiyo matangazo yanaziita zote cc 990 na mnunuzi hapati dalili yoyote. Ila pistoni moja haipo, na mkono unalihisi hilo kabla ya jicho kuliona.

Kuna maelezo mengine niliyoyasikia gereji na ambayo nami niliyasambaza. Moja ni kwamba pistoni moja imekufa, gari linakimbia kwa mbili zilizobaki. Jingine, lenye sura ya kisayansi zaidi, ni kwamba tatu ni namba witiri, na witiri haiwezi kusawazika. La kwanza lina kipimo chake, nitalieleza chini. La pili si kweli. Katika injini ya silinda tatu, pistoni zimepangwa kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa nazo, kwa nyuzi 120, na ukijumlisha nguvu za kupanda na kushuka kwao zinafutana. Kinachobaki ni kuyumba kwa urefu, kama watu watatu waliosimama mstari mmoja kwenye mtumbwi, wa mbele akichuchumaa wakati wa nyuma anasimama. Uzito ndani ya mtumbwi haujabadilika, lakini chombo kinainua pua na kuishusha. Kuyumba huko ni kwa kweli, ila injini ikizunguka polepole ni kudogo. Kwenye foleni, kinachotikisa kioo chako zaidi ni kitu kingine.

Chukua kinu kimoja na watu wanaotwanga kwa zamu. Kila mmoja anainua mchi, anasubiri zamu yake, anashusha. Wakiwa wanne, kabla mshindo mmoja haujaisha ardhini mwingine umefika, na aliyekaa pembeni anasikia mdundo mmoja uliounganika. Mwondoe mmoja, lakini sema unga lazima uwe uleule kwa muda uleule. Watatu waliobaki watatumia michi mizito zaidi, na kati ya pigo na pigo patakuwa na pengo. Kikombe kilichowekwa karibu na kinu kitaanza kulia.

Injini ya petroli ya mipigo minne hufanya hivyohivyo. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, yaani nyuzi 720. Gawanya kwa nne: moto kila baada ya nyuzi 180. Gawanya kwa tatu: kila baada ya nyuzi 240. Sasa pistoni inasukuma chini kwa nyuzi 180 tu kwa wingi wake, ikifika mwisho haina tena cha kusukuma. Kwenye silinda nne, ya kwanza ikichoka ya pili inapokea papo hapo. Kwenye silinda tatu kuna nyuzi 60 ambazo hakuna pistoni yoyote inayosukuma, na krenki inaendelea kuzunguka kwa nguvu ya gurudumu zito lililofungwa mwisho wake. Inapunguza mwendo kidogo, inasukumwa, inapunguza, inasukumwa. Na kila msukumo ni mkubwa zaidi, kwa sababu silinda moja ya 1KR ina cc 332, ilhali ya 1SZ ina cc 249 hivi.

Injini ikiunguruma kwa mizunguko 700 kwa dakika, silinda tatu hutoa misukumo 17 na nusu kwa sekunde, nne hutoa 23. Raba za mauntini hutuliza vizuri mitikisiko ya haraka, lakini ya polepole inapenya hadi kwenye bodi. Panda hadi mizunguko 3,000 na misukumo inakuwa 75 kwa sekunde: mapengo yamekuwa mafupi mno, raba zinayameza, nawe unasikia mlio tu. Ndiyo maana gari likiondoka linatulia. Ndiyo maana pia ukitoa D ukaweka N mtetemo hupungua, na ukiwasha AC huongezeka: injini iliyobebeshwa mzigo inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi katika kila pigo.

Kupunguza silinda kuna faida zake. Silinda chache maana yake ni sehemu chache zinazosuguana, joto dogo linalopotea kwenye kuta, na injini nyepesi. Hiyohiyo 1KR ilifungwa kwenye Toyota Passo, na Ulaya kwenye Toyota Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107. Katika tuzo za kimataifa za injini bora ya mwaka ilishinda daraja la chini ya lita moja kuanzia 2007 hadi 2010, mara nne mfululizo. Napenda kulifikiria hilo nikiwa nimesimama Ubungo huku usukani ukinitekenya viganja.

Lakini si kila mtetemo ni wa kuzaliwa. Wa asili una mpangilio: sawasawa, bila kuruka, na unaisha ukikanyaga mafuta. Injini inayomisi, yaani silinda inakosa kuwaka zamu yake ikifika, inaruka bila mpangilio, inazidi kulegea mlimani, na mara nyingi taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Hapo plagi na koili zinazozipelekea umeme ndizo za kuanza nazo, na hapo ndipo ile hoja ya pistoni iliyokufa inaweza kuwa na ukweli. Mauntini iliyokufa kweli hugonga: sikiliza unapotoa R kwenda D. Na ikiwa mtetemo umezidi taratibu kwa miezi, safisha throto kwanza, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, maana uchafu hushusha mizunguko, na kila mzunguko unaopungua unarefusha lile pengo.

Kwa anayenunua, usisome cc. Fungua boneti, tafuta kibao chenye namba ya chesisi. SCP10 ni ya lita moja ya zamani, pistoni nne. KSP90 na KSP130 ni za lita moja zilizofuata, pistoni tatu. SCP90 ni ya cc 1,300, nne. Herufi ya kwanza inafuata familia ya injini, S kwa SZ na K kwa KR, kwa hiyo ukiona K, washa gari, weka D, shika breki, na utazame kioo cha katikati.