"Kule kodi ni ndogo": dhana zinazowaponza wanaohamia vijijini Maine

Kazi yangu ni kuwashauri watu wetu wanaotaka kuhama kutoka jimbo moja la Marekani kwenda jingine. Wengi ni Wakongo na Warundi, wapo pia Wanyarwanda, Wakenya na Watanzania. Kila mwaka joto likianza Dallas na Phoenix, simu zinaingia mfululizo. Kuna shemeji au mchungaji aliyeko Maine kasema kule kumetulia, watoto hawaharibiki, na nyumba za kijijini ni za bei ya kutupa. Halafu inatumwa picha: nyumba ya mbao, uwanja mpana, miti nyuma, na chini yake kodi ya mwezi.

Maine sina ugomvi nayo. Ni jimbo la watu wapole, na zipo familia nyingi nilizozisaidia kwenda ambazo leo huwezi kuzing'oa. Ugomvi wangu ni hiyo picha na maneno yanayofuatana nayo.

Dhana: Kodi ni ndogo, kwa hiyo nitaweka akiba

Hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu anayeisema huwa ameshatoa notisi kwa mwenye nyumba anakoishi. Haulizi tena kama ahame. Anataka nimbariki.

Kodi ndogo ya kijijini mara nyingi haina joto ndani yake. Katika fleti za mijini, kama Portland au Lewiston, utakuta nyingi ambazo mwenye nyumba ndiye anayelipia joto. Kijijini unapanga nyumba nzima, na joto ni lako. Wala si bili ya umeme kama ya kiyoyozi uliyoizoea Texas. Hakuna jimbo Marekani ambako sehemu kubwa hivi ya kaya inategemea mafuta kupasha nyumba kama Maine. Ni kama nusu ya kaya zote. Lori linakuja hadi uani, mtu anavuta mpira, anajaza tangi lililoko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, anaacha risiti mlangoni. Tangi la kawaida ni la galoni 275. Kampuni nyingi hazitaki kuleta chini ya galoni 100 kwa safari moja, au zikikubali zinakutoza zaidi.

Sasa piga hesabu nami. Nyumba ya zamani, yenye madirisha yanayopitisha upepo, inaweza kumaliza galoni 800 kwa msimu mmoja, na msimu huo unaanza Oktoba na kuisha Aprili au Mei. Tuseme galoni ni dola 3.50. Hiyo ni dola 2,800. Igawe kwa miezi 12, unapata kama dola 233 za kuongeza juu ya ile kodi uliyoiona kwenye picha. Lakini mafuta hayalipwi kwa miezi 12. Yanalipwa pale lori linapokuja, na Januari linakuja tena na tena. Mwaka 2022 bei ilivuka dola 5 kwa galoni. Wakati huo galoni 100 tu zilikuwa zaidi ya dola 500, na baada ya wiki tatu unaitafuta pesa nyingine ya namna hiyo.

Nimeona watu wazima, wachapakazi, wakishindwa na jambo hili moja tu. Si uvivu. Ni kwamba hakuna aliyewaambia waangalie kipimo. Juu ya tangi kuna kikopo kidogo cha plastiki chenye kidude kinachopanda na kushuka kufuata mafuta. Kikifika robo, umebaki na galoni zisizozidi 70, na Januari hizo ni za wiki mbili, pengine pungufu. Ukisubiri mpaka kiguse chini, mtambo wa kupasha joto unazima, hewa inaingia kwenye bomba la mafuta, na hata lori likija itabidi fundi aje auwashe upya kwa malipo yake. Usiku huo huo mabomba ya maji yanaweza kuganda na kupasuka. Ukikwama hivyo, dizeli ya kituo cha mafuta kwenye dumu itakuvusha siku moja au mbili, kwa kuwa ni ya jamii moja na mafuta hayo. Petroli usithubutu kabisa.

Hapo ndipo mtu ananiambia, "Nitabana. Nitapunguza joto, tutavaa masweta." Mama mmoja aliniambia hivyo kwa fahari kabisa, na namheshimu kwa moyo wake wa kujinyima. Lakini nyumba ikishuka chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, yaani 13 za Selsiasi, mabomba yaliyo kwenye kuta za nje yanaingia hatarini. Unaokoa dola 60 za mafuta, unaharibu dari na sakafu.

Sheria ya Maine inamtaka mwenye nyumba awe na mtambo unaoweza kufikisha nyuzi 68 ndani hata nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, zote za Fahrenheit. Basi mtambo ni wake, lakini mafuta ni yako kama mkataba unasema hivyo. Sheria za jimbo hilo zinakupa pia silaha ambayo karibu hakuna mteja wangu aliyewahi kuitumia kabla hatujaongea: anayepangisha nyumba ambayo mpangaji atalipia nishati anatakiwa kukupa taarifa ya maandishi kuhusu hali ya nyumba katika kuhifadhi joto, na wewe una haki ya kuomba kwa msambazaji historia ya matumizi ya miezi 12 iliyopita. Iombe kabla ya kusaini. Mwenye nyumba akianza kuzungushazungusha maneno, huyo ameshakujibu. Mbuzi kwenye gunia hanunuliwi.

Ukikuta nyumba ina pampu za joto, yaani mashine za umeme za kupasha nyumba, vizuri. Mwaka 2023 Maine ilivuka jumla ya pampu 100,000 zilizofungwa, na zinapunguza mafuta kweli. Ila gharama inahamia kwenye umeme, kwa hiyo uliza bili za umeme za Januari na Februari, usiulize za Julai. Msaada wa HEAP wa kulipia joto upo pia. Omba mapema, uliza kama karatasi zako zinakuruhusu, na usiuhesabu kama bajeti ya msimu mzima. Msaada huo unalipa sehemu tu ya gharama.

Halafu gari. Kijijini hakuna basi la kukupeleka kazini saa 11 alfajiri. Baba anaingia zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mama anaingia asubuhi kiwandani, gari ni moja: haiwezekani. Magari mawili ni bima mbili na seti mbili za matairi ya theluji. Kabla ya kupewa namba unapita kwanza ofisi ya mji kulipa ushuru wa gari, na kila mwaka gari linakaguliwa. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inakula chuma kutoka chini. Gari lililokuwa zima Arizona linaweza kukataliwa baada ya misimu michache kwa sababu ya bomba la breki lililooza. Lioshe chini mara kwa mara wakati wa baridi. Ushauri huu nautoa hata kwa wasioniuliza.

Kinachoniumiza zaidi ni mama asiye na leseni. Mume anaondoka na gari, watoto wanachukuliwa na basi la shule, yeye anabaki nyumbani na theluji, jirani wa karibu yuko nusu maili, na kuanzia Novemba hadi Machi anaongea na simu tu. Familia inayonitafuta nawaambia: mama apate leseni huko huko mliko, kabla ya kufunga mizigo. Sioni nafuu yoyote ya kodi inayolipa upweke wa namna ile.

Kwa hiyo jumlisha kodi, mafuta, umeme, magari mawili na mlezi wa watoto, kisha linganisha na fleti ya Lewiston yenye joto ndani. Mara nyingi tofauti inayobaki ni ndogo mno, na kuna nyakati Lewiston ndiyo nafuu.

Dhana: Mwafrika hawezi baridi ya kule

Anaweza. Wasomali wamejenga maisha Lewiston tangu 2001. Mwaka 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika Portland ndani ya wiki chache na kulazwa kwenye ukumbi wa michezo wa Expo. Wengi wamekaa. Mwili unazoea, mradi uvae sawasawa: nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, sufu karibu na ngozi, na koti la nje lisilopitisha upepo. Pamba ikilowa jasho inakugandisha. Pesa ikiwa chache, anza na viatu.

Heshimu upepo. Baridi ikichanganyika na upepo ikahisiwa kama nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa nusu saa. Huo ni muda wa mtoto kusubiri basi lililochelewa.

Giza ndilo linalowashangaza watu, na hakuna anayeuliza habari zake. Desemba jua la Portland linazama kama saa 10 na dakika chache jioni. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako saa 12 ni saa 12 mwaka mzima, tunalegea na kukosa hamu bila kujua kwa nini, na kuna wanaodhani wamerogwa. Toka nje mchana hata kwa dakika 20. Ngozi yetu nyeusi haitengenezi vitamini D ya kutosha kwa jua la baridi la kaskazini vile, kwa hiyo mwombe daktari apime. Huzuni ikizidi wiki mbili, mwambie pia.

Dhana: Umeme ukikatika, jiko la mkaa litatupasha joto

Hapana. Hapana kabisa. Wala jiko la kuchomea nyama, wala jenereta ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Nyumba za kule zimezibwa ili joto lisitoke, na hewa hiyo nayo haitoki. Sote tumelelewa karibu na jiko la mkaa, tunaliamini, na hilo ndilo la hatari. Januari 1998 dhoruba ya barafu iliangusha nguzo na zaidi ya nusu ya watu wa Maine wakakosa umeme, wengine kwa wiki mbili, kwa hiyo kukatika kwa muda mrefu si hadithi. Nunua king'ora cha kaboni monoksidi, kifunge karibu na vyumba vya kulala, weka blanketi na maji, na ujue mapema ni jirani gani ana jiko la kuni lenye dohani. Mtambo wa mafuta nao unahitaji umeme ili uwake.

Dhana: Vijijini hakuna kazi

Zipo. Maine ndiyo yenye umri wa kati mkubwa kuliko majimbo yote, na wazee wanahitaji watu wa kuwahudumia majumbani na kwenye makao. Kuna kazi za msimu pia: kuvuna matunda ya blueberry kwenye kaunti ya Washington mwezi wa Agosti, viazi Aroostook vuli inapoingia. Kazi ya msimu isikuhamishe. Inaisha, nayo kodi haijaisha.

Dhana: Hospitali na shule ni zile zile popote

Shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto wako, na inawajibika kumsaidia Kiingereza. Lakini wilaya ndogo huenda ina mwalimu mmoja wa Kiingereza anayezungukia shule kadhaa. Piga simu uulize anakuja siku ngapi kwa wiki. Mama mjamzito aulize zaidi: hospitali kadhaa za vijijini zimefunga wodi za kujifungulia miaka ya karibuni. Kutoka Presque Isle hadi Bangor ni kama saa mbili na nusu kwa gari, barabara ikiwa kavu.

Dhana: Kesi yangu itanifuata yenyewe

Posta itakufuatisha barua, mahakama haitakufuata. Mwenye kesi mbele ya jaji wa uhamiaji apeleke mahakamani fomu ya anwani mpya, EOIR-33, ndani ya siku 5 za kazi tangu kuhama, na asiye raia, hata mwenye grinikadi, atume AR-11, fomu nyingine ya anwani, kwa USCIS, idara ya uhamiaji, ndani ya siku 10. Notisi ikienda anwani ya zamani ukakosa kufika, jaji anaweza kutoa amri ya kukuondoa nchini wewe ukiwa unakoroga ugali jikoni. Maine yenyewe haina mahakama ya uhamiaji. Kesi zinasikilizwa Massachusetts. Weka safari hizo kwenye bajeti.

Dhana: Nilitembelea Julai, nimepapenda

Kila mtu anapapenda Julai. Nenda Februari, hata kwa siku mbili. Lala kwenye nyumba ya mtu anayelipa mafuta mwenyewe, si hotelini. Endesha gari jioni, uone barafu isiyoonekana juu ya lami, na kama uko kaskazini uangalie moose, mnyama mwenye miguu mirefu kiasi kwamba taa za gari zinapita chini ya macho yake na huoni mng'ao wowote mpaka umemfikia. Ingia besimenti usome kipimo cha tangi.

Ukirudi bado unataka kwenda, hama Juni, shule zikifunga. Tafuta mapema kampuni yenye mkataba wa kununua mafuta kabla ya msimu kwa bei isiyobadilika, na uulize kama unaruhusu kulipa kidogo kidogo. Ukifika Oktoba bila mkataba, utalipa bei yoyote itakayokuwapo siku lori linapoingia uani.