Tokeni za mia mia hazikupi stima zaidi

Kuanzia Kaptembwa, Nakuru, hadi Nyalenda, Kisumu, wengi huamini kwamba ukinunua tokeni (stima ya kulipia kabla) kidogo kidogo unapata yuniti nyingi kuliko ukinunua za elfu moja kwa mpigo. Si kweli. Kampuni ya umeme, Kenya Power, huangalia wastani wa matumizi ya mita yako kwa miezi mitatu iliyopita. Anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu. Hadi 100, bei hupanda. Kupita hapo, hupanda tena. Ukigawa hela mara kumi, wastani haubadiliki.

Imani hii ina chanzo chake. Tozo ya mafuta ya kuzalisha umeme, inayoongezwa kwenye bei ya stima, hubadilika kila mwezi, hivyo mia tano ya Machi huenda isilete yuniti sawa na ya Aprili, na mtu hudhani ni siku aliyonunua.

Kinachowaumiza wapangaji zaidi, kwa maoni yangu, ni mita moja kuhudumia nyumba kadhaa. Kila familia inatumia kidogo, lakini jumla yao inawapandisha wote kwenye bei ya juu. Hilo linafaa kuzungumzwa na mwenye nyumba.

Kisha tazama vifaa. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kukatika hula yuniti moja. Yuniti hiyohiyo huwasha balbu ya LED ya wati 9 zaidi ya saa 100. Piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, na chemsha maji ya vikombe mnavyokunywa tu.