Mvi si utsai: yanayosemwa kuhusu wazee wa Kilifi na yaliyo kweli

Kaunti ya Kilifi, Pwani ya Kenya, kuna wazee wanaopaka nywele piko, rangi nyeusi ya kuficha mvi. Hawaendi harusini wala hawatafuti kuonekana vijana. Wanaogopa kuuawa. Kwa miaka mingi wazee wamekuwa wakikatwa mapanga huko usiku kwa tuhuma za utsai, yaani uchawi, na kila panga hutanguliwa na maneno. Ni maneno ya kawaida kabisa, yanayosemwa matangani na nje ya kanisa baada ya ibada, na watu ambao hawajawahi kumpiga mtu hata kofi. Ndiyo maana nayachukulia kwa uzito.

Dhana: Mvi na macho mekundu ni alama za mchawi

Unywele huwa mweupe kwa sababu shina lake limeacha kutengeneza melanini, rangi ileile inayoupa weusi wake. Macho huiva kwa moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, au kwa trakoma. Haya yanajulikana na bado hayajamwokoa mtu, kwa hiyo tutazame jambo jingine.

Kilifi, wengi wanaouawa ni wanaume wazee. Usukumani, Tanzania, ambako macho mekundu ndiyo yaliyokuwa hoja kubwa, walioandamwa zaidi ni wanawake, hasa wajane. Kama alama hiyo ingekuwa ya mwilini kweli, mbona huku inawaangukia akina baba na kule akina mama? Tazama aliyekalia shamba. Kwa Wagiriama wa Kilifi, ardhi ya ukoo imo mikononi mwa baba na ndugu zake. Usukumani, mjane aliyebaki kwenye shamba la marehemu mumewe ndiye anayeonekana kizuizi. Kwanza hutafutwa mtu wa kuondoka, mvi zake huonekana baadaye.

Dhana: Mganga, au mtumishi wa Mungu, amemtaja mchawi kwa jina

Sikilizeni vizuri kinachosemwa. Mara nyingi hakuna jina. Kuna "mtu mzima", "wa karibu", "hapendi mwendelee". Hakuna boma lisilo na mtu wa namna hiyo. Jina hutiwa na wasikilizaji wenyewe wakiwa njiani kurudi nyumbani, huku wakiulizana nani hakufika kwenye maombi ya mtoto, nani alikataa zile ekari zisiuzwe, nani hupita bila salamu. Wanapofika mlangoni, kila mmoja yuko tayari kuapa kwamba jina alilisikia.

Dhana: Mzee wa kaya ni mtu wa shetani

Hapa ndipo dini inapoingia, na nasema haya nikiwa Mkristo wa kuzaliwa. Imani ya utsai ilikuwepo kabla ya mmisionari Krapf kujenga misheni yake Rabai mwaka 1846, na Wamijikenda, jamii za Pwani ambazo Wagiriama ni mojawapo, hawakusubiri mzungu awafundishe kumwogopa mchawi. Lakini katika mila mtsai, yaani mchawi, ni adui wa kaya, mji wa jadi ulio ndani ya msitu mtakatifu. Wazee wa kaya ndio waliokuwa wakilinda mji dhidi yake, kwa viapo na kwa maombi kwa Mulungu. Mahubiri mengi ya leo yamemchukua mzee wa kaya, mganga wa mitishamba na mchawi, watu watatu tofauti, yakawatia kwenye gunia moja lililoandikwa "nguvu za giza". Aliyekuwa mlinzi sasa ndiye mshukiwa wa kwanza.

Kuitilia shaka kaya si jambo jipya. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwalisha Wagiriama kiapo cha kuupinga utawala wa Mwingereza, na Agosti 1914 serikali ya kikoloni ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Waliobaki waliitunza misitu yao kiasi kwamba mwaka 2008 UNESCO iliiorodhesha misitu kadhaa ya kaya kuwa Urithi wa Dunia. Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, bado wanaitunza Kaya Kinondo kule Kwale, na swala zao wanaswali. Tazama pia vigango, nguzo za mbao zinazochongwa kwa heshima ya marehemu wa Gohu, chama cha jadi cha Wagiriama. Watu waliambiwa ni mizimu ya kishetani, kisha vikaibwa usiku na kuuzwa, na mamia vikaishia katika makumbusho na nyumba za wakusanyaji wa Marekani. Aliyesimama kuvitetea ni mzee, naye akaitwa mchawi.

Inaniuma hasa kuona Biblia ikitumiwa hapa. Kitabu hichohicho kinaamuru kusimama mbele ya mwenye mvi na kuuheshimu uso wa mzee. Mambo ya Walawi 19:32, aya haina utata.

Dhana: Akiokoka watamwacha

Hawamwachi. Wapo wazee waliobatizwa uzeeni kwa woga tu, wakakaa benchi la mbele kila Jumapili, na watu wakanong'ona kwamba wamekuja kujificha. Asipokuja, ni mchawi. Akija, ni mchawi mjanja. Mtihani wa namna hiyo haukuwekwa ili mtu aufaulu.

Na macho yaliyozoea kupima watu kwa ibada hukosea upande wa pili vilevile. Mwaka 2023, katika kaunti hiyohiyo, miili ya zaidi ya watu 400 ilifukuliwa kutoka msitu wa Shakahola, na wengi wao walikuwa wamefunga hadi kufa kwa mafundisho ya kidini. Familia zilikuwa zimelalamika mapema. Lakini kwa majirani wengi, mtu mwenye Biblia mkononi hakuwa mtu wa kuogopwa. Walioogopwa ni wazee wenye mvi.

Dhana: Mzee aliyekutwa usiku uwanjani kwa watu alikuwa akiroga

Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni hufanya mtu apotee hata kwake mwenyewe, na wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi jua linapotua. Hutoka, huvua nguo, hushindwa kusema anakwenda wapi. Mpeni leso ajifunike, mrudisheni kwa watoto wake.

Dhana: Ni hasira za wananchi, hakuna wa kulaumiwa

Kule Ganze kuna Kaya Godoma, kimbilio la wazee waliotishwa au kushambuliwa. Wanaofika huko mara nyingi hawasemi habari za umati usiojulikana. Husema mwanangu, au mtoto wa kaka yangu. Husema habari za shamba, na mnunuzi ambaye tayari alikuwa amepewa matumaini. Wauaji hukodiwa, na uchawi ndio sababu itakayokubaliwa na kijiji bila maswali, kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa mizimu, na nani atamlilia huyo kanisani?

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, hailengi wanaojidai wachawi peke yao. Kumshutumu mtu hadharani kuwa mchawi, bila kulipeleka jambo hilo kwa mamlaka kama chifu au polisi, ni kosa pia. Katiba ya 2010, ibara ya 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ibara ya 32 inamlinda kila mtu katika dini na imani yake, anayeomba kwenye kaya akiwemo.

Kwa hiyo jina la mzee likianza kutajwa matangani, msingoje mazishi yaishe. Mmoja ampigie chifu simu jioni hiyohiyo, mwingine aende akalale kwa mzee, na atakayeuliza kwa sauti "hilo shamba lake litabaki kwa nani?" aulize watu wote wakiwa bado wameketi.