Je, wajua kwa nini mchoro mmoja Ufaransa huwa na bei nyingi?

Mchoraji wa Paris akichora birika la chai kwa ajili ya ukurasa wa jarida, hulipwa bei fulani. Kampuni ya chai ikilipenda birika hilohilo na kulitaka kwenye pakiti zake, bei hupanda mara kadhaa, ingawa hakuna mstari hata mmoja ulioongezwa. Wateja kutoka nje hudhani wanapunjwa. La hasha. Kazi ya mchoraji Ufaransa haipimwi kwa saa alizokaa mezani tu. Hupimwa pia kwa mahali itakapochapwa, idadi ya nakala, na muda itakaotumika.

Msingi wa jambo hili uko kwenye sheria ya mali ya ubunifu ya nchi hiyo. Kifungu L111-3 kinatenganisha kitu na haki. Karatasi yenye mchoro yaweza kuwa mali yako, ukaitia fremu na kuitundika sebuleni, lakini haki ya kuitoa nakala imebaki kwa aliyechora. Kumwagiza mtu kazi na kumlipa hakubadilishi hilo. Mchoraji ni kama mwenye nyumba anayepangisha: mpangaji huambiwa chumba kipi, miezi mingapi, kodi kiasi gani.

Kifungu chenye makali zaidi ni L131-3. Kinataka kila haki inayotolewa itajwe peke yake, na matumizi yake yawekewe mipaka minne: upeo, lengo, mahali na muda. Mkataba unaosema tu "haki zote, popote, milele" haumfikishi mteja mbali, kwa sababu kisichotajwa huhesabiwa hakijatolewa. Kifungu L131-1 nacho kinabatilisha makubaliano ya mchoraji kutoa kwa jumla kazi zake zote za baadaye, hivyo hakuna kampuni inayoweza kumfunga mtu kwa michoro yote atakayoichora baadaye. Kwa matangazo ya biashara kuna utaratibu wake, L132-31: haki humwendea mtengenezaji wa tangazo ikiwa mkataba umeonyesha malipo tofauti kwa kila aina ya matumizi, kufuatana na eneo, muda, idadi ya nakala na aina ya kifaa kitakachobeba mchoro. Bei nyingi za mchoro mmoja zinatoka hapo.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mstari wa kwanza wa ankara ni ubunifu wenyewe, tuseme euro 1,200. Inayofuata ni ya haki: pakiti, Ufaransa, miaka 2, euro 1,500; matangazo ya mtandaoni, Ulaya, miezi 6, euro 600; mabango ya mitaani Paris, wiki 2, euro 700. Jumla ni euro 4,000. Mchoraji akiwa amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, inaongezwa asilimia 10, yaani euro 400. Mteja aliye Ufaransa hulipa pia mchango wa asilimia 1.1, hapa euro 44, ambao hauingii mfukoni mwa mchoraji bali kwenye hifadhi ya jamii na mafunzo ya wasanii. Kama kazi imeletwa na wakala, yeye kwa kawaida hukata kati ya asilimia 25 na 30 kutoka upande wa mchoraji, na hutarajiwa kuifanyia kazi asilimia hiyo kwa kubishana juu ya kila mstari wa haki.

Kinachowaponza wateja mara nyingi si bei, ni tarehe. Miaka 2 ya pakiti inaisha, lakini pakiti zilizochapwa mwezi wa mwisho bado ziko madukani. Bila kipengele cha muda wa kumaliza mzigo, kila pakiti inayouzwa baada ya siku hiyo inatumia mchoro bila ruhusa. Miezi 3 au 6 ya nyongeza ikiandikwa mapema huondoa ugomvi wote.

Kwenye majarida mambo ni mepesi. Malipo ni madogo, haki ni ya toleo moja na pengine tovuti yake, na muda wa kuchora ni mfupi: siku chache, au moja tu kwa gazeti la kila siku. Hata hivyo wachoraji hawaachi kazi hizo, kwa sababu ndizo zinazoonwa na wasimamizi wa sanaa wa kampuni kubwa. Mchoraji Mfaransa Jean-Jacques Sempé alichora jalada lake la kwanza la The New Yorker, jarida la Marekani, mwaka 1978, na hadi kifo chake mwaka 2022 yalikuwa yamepita mia moja. Malika Favre, Mfaransa aliyezaliwa 1982 na kujijengea jina akiwa London, alilichorea jarida hilohilo jalada la tarehe 3 Aprili 2017. Madaktari wanne wa upasuaji, wote wanawake, wanamwinamia mgonjwa, na wewe msomaji ndiye uliyelala mezani ukiwatazama. Rangi ni bapa na chache, vivuli ni vikali, hakuna mistari ya kuzungushia umbo. Barakoa na kofia zimefunika karibu kila kitu, na bado macho yanatosha kukuambia ni akina nani. Madaktari wanawake wa nchi nyingi walijipiga picha wakiwa wameinama vilevile na kuzisambaza mitandaoni.

Mtindo wa rangi bapa kama huo una faida nyingine ambayo haionekani kwenye ukurasa. Mchoro uliojengwa kwa vekta, yaani kwa hesabu za mistari badala ya nukta, hukuzwa bila kuharibika. Uliochorwa kwa nukta una kikomo. Kwa ukurasa wa jarida wenye upana wa sentimita 20, kiwango cha nukta 300 kwa inchi ni nukta (pikseli) 2,362 kwa upana. Ukitanua faili hilo hadi bango la kituo cha basi la Ufaransa, lenye sentimita 120 kwa 176, unabakiwa na nukta 50 kwa inchi, na kingo zinaanza kuonyesha ngazi mtu akisimama karibu. Mteja anayedhani kwamba haki ya bango ni kibali tu cha karatasi hugundua hapo kwamba kuna kazi ya kuchora upya, nayo ina bei yake. Kwa hiyo mchoraji mzoefu huuliza kabla ya mstari wa kwanza: kipimo kikubwa kuliko vyote kitakuwa kipi?

Huuliza mengine pia. Rangi ya chungwa au kijani inayowaka kwenye skrini hufifia ikichapwa kwa wino nne za kawaida, samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa sababu wino hizo haziwezi kuifikia. Kwenye pakiti dawa yake ni wino maalumu uliochanganywa kwa rangi hiyo moja, na hiyo ni gharama ya kiwandani. Mchoro uvuke ukingo kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiyumba kidogo utaona mstari mweupe. Jalada liachiwe nafasi juu kwa jina la jarida. Kwenye kurasa mbili zinazotazamana, uso wa mtu usikae katikati, utamezwa na mkunjo.

Halafu kuna haki ambayo haiuzwi kabisa. Kifungu L121-1 kinampa mwandishi au mchoraji haki ya kimaadili: jina lake liheshimiwe na kazi yake isivurugwe. Haki hiyo haina mwisho, hurithiwa, na hata akisaini kuiacha, saini hiyo haina nguvu. Kesi ya friji ya Bernard Buffet inaonyesha vizuri. Mwaka 1958 mchoraji huyo alipamba paneli sita za friji moja na kuweka saini kwenye paneli moja tu, akiziona zote kuwa kazi moja. Friji ikapigwa mnada kwa ajili ya hisani. Baadaye mnunuzi akataka kuuza paneli moja peke yake. Buffet akaenda mahakamani akashinda, na mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaukubali uamuzi huo. Friji ilikuwa ya mnunuzi, lakini kuikata kazi vipande hakukuwa kwake.

Kwa kampuni, hii ina maana kwamba kukata kingo za mchoro, kuugeuza kushoto uwe kulia, kubadili rangi ya gauni au kubandika nembo juu ya uso ni mambo ya kuombewa ruhusa. Njia nzuri ni kuorodhesha maumbo yote mwanzoni, la mraba, la kusimama, la kulala, ili mchoraji atenganishe matabaka ya mchoro kwenye faili, na mti, kwa mfano, uweze kusogezwa bila kukatwa.

Mchoraji wa Nairobi anayepata kazi kutoka Ufaransa anahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Ni kinyume cha Ufaransa, ambako ukimya wa mkataba humlinda mchoraji. Basi aandike matumizi moja baada ya jingine, pamoja na eneo na tarehe ya mwisho, kisha atafute kipengele kinachotaja sheria ya nchi itakayotumika. Mara nyingi kiko mwishoni kabisa, juu kidogo ya nafasi ya saini.